Rav4 ya 1996, oili inavuja miezi mitano, na mzee aliyenitoza hela ya kuangalia tu

Wakuu habari za jumapili. Niliahidi nikimaliza hili balaa nitaandika, na limeisha, tuseme kwa asilimia 90, hiyo 10 nitaisema huko chini. Hii ni rivyu ya vitu vinne kwa mpigo: gereji moja kubwa, chupa ya dawa ya kuzuia oili kuvuja, tochi ya UV na rangi yake, na mzee mmoja fundi anayefanyia kazi chini ya mwembe huku Tabata, Dar. Majina sitaji, ile gereji sitaki ugomvi nayo, na mzee mwenyewe kanikataza kabisa, anasema wateja alionao tu wanamtosha na simu hapokei.

Gari ni Rav4 old model, milango mitano, SXA11, injini 3S-FE, manyuo. Niliuziwa na kaka yangu kwa bei ya kindugu. Gari nzuri sana hii, mwili mgumu, spea zimejaa, sina neno baya juu yake. Ila toka mwezi wa pili ilianza kuacha doa chini.

Sasa nisingejali sana (nani ana gari ya miaka hiyo isiyotoa hata tone) lakini mama mwenye nyumba wetu ndo kwanza katoka kutandika vitofali uwanja mzima, vile vyekundu na vya kijivu, na sehemu yangu ya kupaki ikawa na doa jeusi kama sahani ya pilau. Akaniita asubuhi kabla sijaenda shule. "Mwalimu, hilo gari lako linakojoa kwenye vitofali vyangu." Nikacheka, yeye hakucheka. Kuanzia siku hiyo natandika boksi chini kila nikipaki, na kila baada ya wiki mbili naongeza oili karibu nusu lita. Injini hii inachukua kama lita nne, kwahiyo piga hesabu mwenyewe.

Nikaanza na gereji kubwa kwasababu mi ni mwanamke nayeenda gereji peke yangu, nikajua pale penye risiti na mapokezi na kiyoyozi sitapigwa. Kweli mapokezi ni mazuri, ukifika unapewa maji, kuna tv, wanakuita madam. Wakaipandisha gari kwenye lifti, kijana akaingia na tochi, akatoka. Nilimtazama kwa kioo, hazikuisha dakika mbili. Kaona oili imelowanisha pale injini inapoungana na gia boksi, akasema madam hii ni oili sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea kwenda kwenye klachi), imekufa, inabidi tushushe gia boksi.

Mi nikajua nini. Inavuja pale, basi imeharibika pale. Wakaniambia pia kwakuwa gia boksi inashuka ni bora nibadilishe na klachi hapohapo, nisije nikalipa ufundi mara mbili. Kusema haki hilo ni kweli, hata mzee alikubali baadae, kazi kubwa ni kushusha na kupandisha, na hizi fowili, zinazovuta kwa matairi yote manne, ndo usiseme mana kuna propela ya nyuma nayo inatoka. Hesabu ikasimama hivi: ufundi 180,000, sili 35,000, klachi 160,000, oili ya gia 45,000. Jumla 420,000. Nikalipa kwa kuunga unga na hela ya mchezo.

Siku ya tisa boksi likalowa tena. Palepale.

Nikarudi. Wakasema ni oili ya zamani iliyobaki inajitoa, itakauka yenyewe. Nikasubiri wiki mbili, haikukauka. Nikarudi tena, safari hii wakasema labda ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wakapaka silikoni kuzunguka sampu yote kwa nje, juu ya uchafu na oili ileile, 30,000 nyingine. Hata mi mwalimu wa jiografia najua gundi haishiki kwenye mafuta. Ilibanduka kama ngozi ya nyoka baada ya siku nne, niliikuta inaning'inia. Nikipima gereji hii kwa nyota ni moja, na hiyo moja ni kwasababu kile walichokifunga walikifunga vizuri, klachi iko laini mpaka leo, na walinirudishia spea zangu za zamani kwenye mfuko. Huo mfuko ukumbukeni.

Hapo katikati ndo nikaingia kwenye chupa. Shemeji yangu akaniambia kuna dawa unamimina tu kwenye oili inaziba yenyewe. 28,000. Nikamimina, nikaendesha, nikaomba dua. Hamna kitu. Mzee alinieleza baadae kwamba hizi dawa zinachofanya ni kulainisha na kuvimbisha kidogo mipira ya sili iliyoanza kukauka, kwahiyo kama sili yako imekakamaa kidogo na inatoa jasho tu inaweza kusaidia, tena kwa kuendesha siku nyingi. Mpira ulioshakuwa mgumu kama plastiki au uliopasuka haurudi, na gasketi ya karatasi haina cha kuvimba. Sijasema dawa ni ya kitapeli, nasema nilitibu ugonjwa nisioujua. Nyota mbili.

Halafu nikajifanya mjanja nikanunua tochi ya UV. Kiboksi kinakuja na tochi, miwani ya njano na kichupa kidogo cha rangi, 45,000 nililetewa na bodaboda. Unamimina rangi kwenye oili, unawasha gari izunguke au unaendesha siku kadhaa, halafu usiku unamulika na ile tochi, penye oili iliyotoka panang'aa njano ya kijani kama kalamu za kuhailaiti. Wazo zuri sana. Nikasubiri saa mbili usiku nikafungua boneti nikavaa miwani (watoto wa jirani walikusanyika wote) nikamulika, na injini nzima ikang'aa. Yote. Juu, chini, ubavuni, mpaka kwenye mipira ya injini. Kwasababu sikuiosha, na oili miezi yote hiyo ilikuwa imeshatambaa kila kona, na mpya ikaja ikatambaa juu ya ya zamani. Kwahiyo nilichogundua kwa 45,000 ni kwamba gari yangu inavuja oili.

Ndo mwalimu mwenzangu, yule mwenye Corolla ya mwaka sijui wa ngapi, akanipeleka kwa mzee.

Mahali penyewe hapavutii, nawaambia mapema. Mwembe, kontena, benchi, redio ina mpira muda wote, vijana wawili. Lifti hakuna. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia mzee nahisi ni sampu au sili ya nyuma imefungwa vibaya. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, mi natoza elfu ishirini ya kuangalia. Sifungui kitu leo. Ukikubali tuendelee, ukiona nyingi nenda kwa anayeangalia bure, atakutoza kwenye kufungua."

Hapo ndo nilipompa nyota ya kwanza kabla hajashika hata spana.

Akaanza na maswali kama daktari. Unaongeza kiasi gani, kila baada ya muda gani. Inadondoka ikiwa imepaki au ikitembea. Moshi wa bluu asubuhi upo (mana kama inakula oili kwa ndani hilo ni jambo jingine). Harufu ya kuungua je. Klachi ilikuwa inateleza kabla hujabadilisha? Nikasema hapana, ilikuwa nzito tu. Akachovya kidole kwenye tone akanusa, akanipa na mimi ninuse. Oili ya gia inanuka kiberiti, kama yai viza, ya stelingi mara nyingi ni nyekundu. Hii nyeusi isiyo na ule uvundo ni ya injini, basi, tumepunguza wawili.

Halafu akauliza klachi ya zamani ulipewa? Nikakumbuka ule mfuko, uko nyuma kwenye buti toka siku ile. Akaitoa ile pleti, akaipitisha kitambaa cheupe pande zote. Vumbi. Kavu kabisa. Akanionyesha kitambaa akasema, kwa kuvuja kwa kiasi hiki, sili ya nyuma ingekuwa ndo yenyewe basi hii na nyumba yake vingekuwa vimelowa chapachapa, na klachi ingeteleza mpaka ushindwe kupanda kile kilima cha kwenu. Ushahidi niliutembeza kwenye buti miezi miwili, jamani. Na waliutoa wao wenyewe kwa mikono yao wakauweka kwenye mfuko wakanipa.

Nikanyamaza kidogo pale.

Baada ya hapo ndo kuosha, injini ikiwa ya baridi. Distributa (ile inayogawa umeme kwenye plagi) na oltaneta zikafunikwa na mifuko ya nailoni (imepigwa marufuku toka 2019, sijui anayo stoo wapi), kijana akasugua na dizeli na brashi mpaka kwenye maungio, akamalizia na sabuni ya unga na maji kidogo, wakapuliza na upepo. Saa nzima na nusu. Hii ilikuwa 10,000 yake. Injini ikawa na rangi ambayo sijawahi kuiona, kumbe bloku lina maandishi.

Wakati inakauka akafungua kifuniko cha kuwekea oili huku injini inaunguruma, akaniambia weka kiganja. Nikasikia inapumua puf puf puf kama mtu aliyekimbia. Akachomoa valvu ya PCV, kile kidude kidogo cha juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu kabisa cha injini) chenye mpira unaoenda kwenye manifodi, njia ya hewa ya kuingia injini. Akakitikisa sikioni kwangu, kimya. Kizima kinatakiwa kilie kachakacha ukikitikisa, na ukikipuliza upepo upite upande mmoja tu. Changu kimejaa masizi kimeziba. Sasa kinachotokea, kuna moshi kidogo siku zote unapenya kwenye ringi za pistoni unaingia chini kwenye krenki, huo moshi unatakiwa unyonywe kupitia hicho kidude urudi ukaungue. Kikiziba presha inabaki ndani, inatafuta pa kutokea, na itatokea penye mpira uliochoka kuliko yote. Kwahiyo unaweza kubadilisha sili mpya kabisa na ikasukumwa ikaanza kuvuja tena, wewe ukamlaumu fundi, fundi akalaumu spea feki. Kidude chenyewe 12,000.

Halafu poda. Poda ya mtoto ya 2,500, akatuma kijana dukani. Injini imeshakauka, akainyunyizia poda upande wote wa gia boksi, kuzunguka tapeti kava, chini ya distributa, pembeni ya filta, kwenye swichi ya presha ya oili, ubavuni kwa sampu. Gari ikawa kama andazi. Akanituma niendeshe mpaka Segerea na kurudi, kwa gia kubwa na ndogo, nisipite kwenye madimbwi.

Niliporudi alifungua boneti akaniita mimi kwanza nitazame kabla yake. Poda yote nyeupe, ila mstari mmoja wa kijivu umelowa, unaanzia chini ya distributa pale inapoingia kwenye silinda hedi (kipande cha juu cha injini), unashuka nyuma ya hedi, unatua juu ya gia boksi, unafuata mkunjo wa chuma mpaka sehemu ya chini kuliko zote, ndo unadondokea pale. Palepale kijana wa gereji alipoonyesha na tochi. Kwenye 3S-FE distributa imekaa mwisho wa hedi upande wa gia boksi, kwahiyo oringi yake, ule mpira mwembamba wa duara, ikichoka oili inashukia kwenye gia boksi moja kwa moja na ukitazama kutokea chini utaapa ni sili ya nyuma. Mzee anasema ameshakutana nayo mara nyingi mpaka ameacha kuhesabu. Oili haipandi, inashuka, na ukitembea upepo unaisukuma nyuma, kwahiyo tone unaloliona ni mwisho wa safari yake.

Jioni nikamwambia mzee tochi yangu ninayo. Akasema lete tuone hayo mambo yenu. Kigiza kilipoingia tukamulika, ile rangi ilikuwa bado imo kwenye oili, na safari hii hapakung'aa injini nzima, ulikuwa mstari uleule wa poda, umenyooka kama umechorwa. Alifurahi kama mtoto, akavaa miwani akazunguka nayo kontena zima. Kwahiyo rivyu ya tochi naibadilisha, nyota nne, lakini osha injini kwanza, na usimulike mchana. Kama huna 45,000 poda ya 2,500 ilitoa jibu lilelile, isipokuwa tochi iliona kitu kimoja ambacho poda haikuona, nakuja.

Kesho yake nikaenda Shaurimoyo, kwenye maduka ya spea, kutafuta oringi. Duka la kwanza wakanipa ya mpira wa kawaida, 1,000, nikaileta, mzee akaivuta kidogo akaitupa kwenye ndoo. Hiyo ya bomba la maji, anasema, joto la injini litaigeuza biskuti mwezi mmoja. Nikarudi, jua la saa saba, nikapata orijino ya Toyota kwa 9,000. Gasketi ya tapeti kava 30,000 nayo nikachukua, ilikuwa inatoa jasho kwenye kona moja.

Kabla hajachomoa distributa alipiga alama na msumari kwenye chuma, yake na ya hedi, ili irudi palepale ilipokuwa, mana ukiizungusha kidogo tu umeharibu taimingi, yaani muda wa plagi kupiga cheche. Oringi ya zamani ilikatika mkononi kama tambi kavu. Nimeihifadhi. Mpya akaipaka oili, akarudisha, halafu hakuishia kwenye alama, akaunga kiwaya kati ya matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha dayagnosi (cha kupimia injini) na kupima kwa taa ya taimingi, digrii 10, sawasawa. Tapeti kava nayo hakuipaka silikoni kuzunguka kama keki, aliweka tone tone kwenye zile kona ambapo kifuniko cha beringi ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu) kinakutana na hedi, basi. Anasema silikoni nyingi inayofinyikia ndani inakatika vipande inaenda kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo utatafuta injini nyingine.

Ufundi 40,000. Ukijumlisha kuangalia, kuosha, na spea zote tatu ni 121,000. Sina la kuongeza kwenye hizo namba mbili, 420,000 na 121,000, nimeziandika kwenye karatasi nimebandika kwenye friji.

Sasa msije mkadhani mzee ni malaika. Risiti hana, anaandika nyuma ya boksi la plagi. Mvua ikinyesha kazi imesimama. Ukienda jumamosi umejitakia mwenyewe, utakaa kwenye benchi toka saa tatu mpaka magharibi, na kama Simba au Yanga wanacheza ndo kabisa. Kijana wake mmoja alipoteza klipu mbili za kava ya chini ya injini yangu na akaniambia "zilikuwa hazipo dada", zilikuwepo. Na kubwa zaidi, wanainua gari na jeki halafu wanaweka magogo, magogo jamani, mtu anaingia chini. Nilimwambia mzee kwa heshima zote anunue stendi, akaniambia hayo magogo ni ya mninga. Kwa hilo namkata nyota moja nzima, nyota nne.

Ile 10 niliyosema. Tulipomulika na tochi, upande wa pili kabisa, wa taimingi belti, ule mkanda unaozungusha kemshafti, chini ya kava ya taimingi, kulikuwa na mng'ao mdogo kama kucha. Mzee akasema hiyo ni sili ya mbele ya krenki au ya pampu ya oili, kwenye injini hii pampu inazungushwa na hiyohiyo taimingi belti pamoja na pampu ya maji, kwahiyo vyote vimekaa nyuma ya belti na ufundi wake ni mmoja. Akatafuta stika ya Kijapani iliyobandikwa wakati belti inabadilishwa huko kwao, imeandikwa kilomita 98,000, mi sasa nipo 187,000, na belti hii ni ya kilomita laki moja. Akasema usifungue sasa hivi, kusanya hela, belti ikifika ubadilishe na sili zote za mbele na pampu ya maji kwa mkupuo, ila ukiona oili imeongezeka upande huo usisubiri, mana oili ikigusa belti inailainisha mpaka inakatika njiani. Naweka 25,000 kila mwisho wa mwezi kwenye kibubu.

Mama mwenye nyumba ameshasugua vitofali na mafuta ya taa na sabuni, doa limebaki kama kivuli. Boksi bado natandika. La leo asubuhi, baada ya siku nne, lina tone moja, upande wa belti. Alipita akalitazama, akainua kidole kimoja, akaenda zake.